Vizibo vinane vinatosha kujifunzia uwezekano

Nikiulizwa mtu afanye maswali mangapi ya uwezekano kwa siku, jibu langu ni mfuko mmoja tu, ila auchimbe mpaka uishe.

Tia mfukoni vizibo 8 vya soda: 5 vyekundu, 3 vya kijani. Toa viwili bila kuchungulia. Kabla hujaandika tarakimu hata moja, jiulize: kile cha kwanza kinarudi mfukoni au hakirudi? Kikirudi, uwezekano wa kupata vyekundu viwili ni 5/8 × 5/8, yaani 25/64. Kisiporudi, mfukoni vimebaki 7, na vyekundu ni 4, kwa hiyo ni 5/8 × 4/7 = 20/56. Wengi hupunguza asili (namba ya chini ya sehemu) wakasahau kiasi (namba ya juu), wakaandika 5/8 × 5/7, kana kwamba kizibo kilichotoka hakikuwa na rangi. Na swali likisema "viwili kwa mpigo mmoja", lihesabu kama hakirudi.

Sasa, hiyo 20/56 usiifupishe kuwa 5/14. Bado. Ukiiacha ilivyo, matawi yote ya mchoro wa mti, ule unaochora kila mfuatano wa matokeo kama tawi lake, yanabaki na asili moja, na hapo ndipo unapojisahihisha mwenyewe: nyekundu-nyekundu 20, nyekundu-kijani 15, kijani-nyekundu 15, kijani-kijani 6. Jumla 56. Anayeulizwa "rangi moja moja", yaani kimoja chekundu na kimoja kijani, akajibu 15/56 atakuta jumla yake ni 41, pungufu kwa 15 kamili, ambayo ni lile tawi alilolisahau. Jibu sahihi ni 30/56. Kufupisha ni kazi ya mstari wa mwisho.

Mfuko huohuo una swali gumu zaidi, na hili ndilo ningependa ukae nalo muda mrefu. Nikikwambia "cha kwanza ni chekundu", kuna uwezekano gani kwamba vyote viwili ni vyekundu? Je, nikikwambia "angalau kimoja ni chekundu"? Masikioni taarifa hizi mbili zinafanana, lakini hazifuti matawi yaleyale. Ya kwanza inabakiza 20 na 15, jumla 35, kwa hiyo jibu ni 20/35, au 4/7. Ya pili inafuta kijani-kijani tu; yanabaki 50, na jibu ni 20/50, yaani 2/5. Kiasi hakikubadilika, asili ndiyo iliyobadilika. Kila uonapo "ikiwa" au "ikijulikana kwamba", shika kalamu ukate matawi yasiyowezekana tena, kisha ujumlishe yaliyobaki. Kanuni ya kitabuni haifanyi zaidi ya hapo.

Neno "angalau" lina mtego mwingine. Dadu inarushwa mara 4: kuna uwezekano gani wa kupata sita angalau mara moja? Mkono unakimbilia 4 × 1/6. Basi ijaribu njia hiyo kwa mara 7: unapata 7/6, na uwezekano haupiti 1. Kosa ni kujumlisha matukio yanayoweza kutokea pamoja, maana sita inaweza kuja mara ya kwanza na ya tatu pia. Geuza swali: tafuta uwezekano wa kukosa sita kabisa, 5/6 × 5/6 × 5/6 × 5/6, ambao ni 625/1296, kisha utoe kwenye 1. Inabaki 671/1296, kama 0.518, zaidi kidogo ya nusu. Wacheza kamari wa Ufaransa walisumbuka na maswali ya jamii hii, na mwaka 1654 wanahisabati Pascal na Fermat walikuwa wakiandikiana barua juu ya michezo ya bahati.

Kwenye takwimu nitagusa moja tu, wastani wa jedwali lenye idadi. Timu imecheza mechi 20: mechi 2 bila goli, 5 za goli moja, 8 za mawili, 4 za matatu, 1 ya manne. Magoli yote ni 5 + 16 + 12 + 4 = 37, na 37 ÷ 20 ni 1.85. Anayegawa kwa 5 kwa sababu jedwali lina mistari mitano anapata 7.4, ilhali hakuna mechi iliyozidi magoli manne, kwa hiyo atashtuka mwenyewe. Wa kuhurumiwa ni yule anayechukua 0, 1, 2, 3 na 4 akagawa kwa 5. Anapata 2, namba inayokaribia sana ya kweli, na hashtuki.