Chembe za plastiki: maswali na majibu

Chembe hizi ni zipi?
Ni vipande vya plastiki visivyozidi milimita 5. Vingi havionekani kwa macho.

Si zinatokana na takataka tu?
Hapana. Ni kweli jua hukausha mfuko au chupa iliyotupwa hadi ikamegeka. Lakini tairi nazo husagika kila gari linapofunga breki, na mvua husomba vumbi lake hadi mtoni. Nguo za poliesta, nailoni na akriliki hunyonyoka zikifuliwa: kilo 6 za akriliki zinaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000. Mitambo ya majitaka hunasa nyingi, ila hubaki kwenye tope. Tope likigeuzwa mbolea, chembe zinahamia shambani.

Viumbe hudhurika vipi?
Minyoo ya ufukweni inayomeza mchanga wenye plastiki hula kidogo na kuishiwa nguvu. Tairi zina lao: dawa inayozuia mpira usipasuke hugeuka sumu ikikutana na ozoni, gesi iliyomo hewani, na sumu hiyo huua samaki wa samoni aina ya koho huko Marekani.

Na binadamu?
Zimekutwa kwenye damu na kondo la nyuma. Mwaka 2024 watafiti wa Italia waliona kuwa wagonjwa wenye plastiki ndani ya mafuta yaliyoganda kwenye mishipa ya shingo walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo takriban mara 4.5 kuliko wasio nayo. Huo ni uhusiano, si uthibitisho kwamba plastiki ndiyo chanzo.

Nizipunguzeje nyumbani?
Anza na joto, maana ndilo linalozitoa kwa wingi. Maziwa ya unga ya mtoto yakorogee kwenye chombo cha kioo au chuma, kwa maji yaliyochemshwa ambayo bado yana nyuzi joto 70 za Selsiasi (zikishuka, vijidudu vya kwenye unga havifi). Yakishapoa ndipo uyamimine kwenye chupa ya plastiki. Usipashe chakula ndani ya plastiki, hata yenye alama ya maikrowevu. Alama hiyo inahusu kustahimili joto, si kutotoa chembe.

Maji yenye chokaa nyingi yachemshe dakika 5, yaache yapoe, kisha yachuje: chokaa inayoganda hunasa chembe. Kwa maji yasiyo na chokaa faida ni ndogo.

Mashine ya kufulia ijaze vizuri ili nguo zisisuguane sana, tumia maji baridi na mzunguko mfupi. Manyoya ya kwenye kichujio yatupe kwenye pipa. Ukiyasuuza sinkini, umeyarudisha majini.