Wakfu wa Sanaa na Nauli ya Basi la Wanafunzi

Katika kazi yangu ya kuandaa maombi ya ruzuku kwa majumba ya makumbusho ya sanaa, huulizwa mara kwa mara kwa nini tajiri agharamie mhadhara au warsha ya walimu, ilhali angeweza kununua picha na jina lake likawekwa ukutani. Jibu langu hulitoa katika historia ya Wakfu wa Terra wa Chicago, unaoshughulikia sanaa ya Marekani.

Daniel Terra, aliyetajirika kwa biashara ya kemikali, aliuanzisha mwaka 1978. Yeye alikuwa mnunuzi hasa: mwaka 1982 alilipa dola milioni 3.25 kwa picha ya ukumbi wa Louvre, jumba la makumbusho la Paris, iliyochorwa na Samuel Morse, ambaye baadaye alisifika kwa telegrafu. Alifungua jumba la makumbusho Evanston, mji jirani na Chicago, mwaka 1980, akalihamishia barabara ya Michigan Avenue, Chicago, mwaka 1987, kisha mwaka 1992 akafungua jingine Giverny, Ufaransa, kijiji alichoishi mchoraji Monet. Alifariki mwaka 1996. Mwaka 2004 jumba la Chicago lilifungwa, na picha zake kadhaa zikaazimishwa kwa Art Institute, jumba la makumbusho la sanaa la mji huohuo.

Kwa maoni yangu, uamuzi huo mgumu ulikuwa sahihi, kwa sababu fedha zilizokuwa zikihudumia jengo moja ziliweza kugawanywa kama ruzuku za maonyesho, utafiti na mafunzo katika taasisi nyingi, ndani na nje ya Marekani. Msomaji wa pwani anaijua kanuni ya wakfu: mti haukatwi, matunda ndiyo hutumika. Sheria ya Marekani nayo huzitaka taasisi binafsi za kutoa ruzuku zitumie kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya rasilimali zao kwa malengo ya hisani.

Mwaka 2018 wakfu huo uliongoza mpango wa Art Design Chicago, wa maonyesho ya sanaa na ubunifu wa mji huo, ulioshirikisha makumi ya taasisi za mji. Onyesho ninalolithamini zaidi lilihusu wabunifu Weusi wa Chicago, nalo lilifanyika katika Chicago Cultural Center, ambako kiingilio ni bure. Humo matangazo ya biashara na kurasa za magazeti, vitu ambavyo watu walikua navyo nyumbani, vilipewa heshima ya sanaa; lakini heshima hiyo humfikia mgeni pale tu anapokuwepo mtu wa kumweleza nani alivibuni, na kwa nini wabunifu hao walifungiwa milango ya kampuni kubwa.

Maelezo hayo yana gharama ambazo hazionekani ukutani: posho ya mhadhiri, mkalimani wa lugha ya alama, muda wa mwalimu anayeandaa somo kabla ya ziara. Ruzuku ya mwaka mmoja haitoshi, kwa kuwa shule huhitaji misimu kadhaa kabla ya kuliamini jumba la makumbusho. Kwa hiyo kila bajeti ninayoiandaa huombewa miaka mitatu, na mstari wake wa kwanza ni nauli ya basi la wanafunzi.