Namba moja kwenye chati: ni nini hasa kinachohesabiwa?

Wimbo ukishika namba moja, maana yake ni kwamba katika wiki fulani, ndani ya nchi fulani, kwa kanuni fulani ya kuhesabu, hakuna wimbo mwingine uliopata pointi nyingi kuuzidi. Basi. Chati haisemi wa pili ameachwa kwa nakala mia au laki moja. Wala haihusu jumla ya maisha ya wimbo: watazamaji milioni 50 wa YouTube waliojikusanya kwa miaka minne ni hesabu ya namna nyingine kabisa, na kuzichanganya hizo mbili ndiko kunakoharibu mabishano mengi ya mashabiki.

Jarida la Billboard la Marekani lilichapisha orodha yake ya kwanza ya santuri zilizouzwa zaidi madukani Julai 1940. Baadaye likawa na orodha kadhaa kwa pamoja: mauzo ya madukani, nyimbo zilizopigwa na watangazaji wa redio, na zilizochaguliwa kwenye mashine za muziki za kutumbukiza sarafu. Kibao kimoja kingeweza kuongoza orodha moja na kushindwa kwenye nyingine. Tarehe 4 Agosti 1958 ikatoka Hot 100, iliyounganisha mauzo na redio, na Ricky Nelson akawa wa kwanza kuiongoza kwa "Poor Little Fool". Uingereza ilikuwa na chati yake tangu Novemba 1952, pale Percy Dickins wa gazeti la NME alipopigia simu maduka kama 20 na kujumlisha majibu. Al Martino ndiye aliyeibuka kidedea.

"Nchi fulani" ni sharti zito. Hugh Masekela wa Afrika Kusini aliongoza Hot 100 kwa wiki mbili Julai 1968 kwa "Grazing in the Grass", na "Pata Pata" ya Miriam Makeba ilifika nafasi ya 12 mwaka 1967, kwa sababu santuri hizo zilinunuliwa na kupigwa Marekani kwenyewe. Nakala zilizouzwa Nairobi, Kinshasa au Johannesburg hazikuongeza hata pointi moja. Billboard ilianza chati ya dunia nzima Septemba 2020 tu.

Udhaifu mkubwa wa mfumo wa zamani ulikuwa kutegemea kauli za watu. Maduka ya Marekani yalitaja nyimbo kwa mpangilio, bila kuonyesha risiti. Mwenye duka aliyebakiwa na shehena ya santuri alikuwa na kila sababu ya kuupandisha wimbo huo. Redioni kulikuwa na hongo, hadi Marekani ikabana malipo ya siri kwa sheria mwaka 1960. Mageuzi makubwa, na kwa maoni yangu makubwa kuliko yote, yalikuja mwishoni mwa Novemba 1991: Hot 100 ikaanza kutumia misimbopau (barcode) iliyosomwa kwenye kaunta za maduka, pamoja na mitambo iliyotambua nyimbo zilizokuwa zikipigwa redioni. Tangu 1958 hakuna wimbo uliokuwa umekaa kileleni mwa chati hiyo zaidi ya wiki 10. Mwaka 1992 "End of the Road" ya Boyz II Men ikakaa 13, na kufikia 1996 "One Sweet Day", waliyoimba na Mariah Carey, ikakaa 16. Kilichobadilika hapo ni kipimo. Wasikilizaji walikuwa walewale.

Hata hivyo tundu moja lilibaki: wimbo usiouzwa kama santuri ya wimbo mmoja haukuruhusiwa kuingia. "Don't Speak" ya No Doubt iliongoza orodha ya redio kwa wiki 16, lakini kwenye Hot 100 haikuonekana kabisa, kwa kuwa Marekani haikutolewa peke yake dukani. Kanuni hiyo ilifutwa Desemba 1998.

Tarehe 4 Aprili 1964 The Beatles walishika nafasi tano za juu. Novemba 2022 Taylor Swift akashika zote kumi. Kulinganisha mambo haya bila maelezo ni kosa. Shabiki wa 1964 aliyezitaka nyimbo zote tano alilipia santuri tano; wa 2022 alibonyeza albamu mara moja, na kila wimbo ukahesabiwa peke yake kila uliposikilizwa mtandaoni.

Waingereza waliliona hilo Machi 2017, nyimbo zote 16 za albamu moja ya Ed Sheeran zilipojaa ndani ya 20 bora. Julai mwaka huohuo wakaweka kikomo: msanii mkuu aingie na nyimbo tatu tu kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 wakatenga pia wanaolipia na wasiolipia: kusikilizwa mara 100 kwa huduma ya kulipia, au mara 600 kwa ya bure, kukawa sawa na nakala moja iliyouzwa. Wimbo uliozeeka, au ulioanza kushuka, hukatwa nusu, yaani mara 200 au 1,200 kwa nakala moja, ili mpya upate nafasi.

Ndiyo maana "Running Up That Hill" ya Kate Bush, ya mwaka 1985, iliporudi kwa kishindo 2022 kupitia tamthilia ya televisheni, ilikwama chini ya kilele ingawa ilikuwa ikisikilizwa mno. Wasimamizi wa chati waliiondolea makato hayo, na Juni ikashika namba moja Uingereza, miaka 37 baada ya kutoka.