Imani na Subira kwa Wanaosubiri Kuasili Mtoto

Wengi wanaoomba kuasili mtoto hufika katika ofisi za ustawi wa jamii wakiwa wamekwisha kuchoka. Wapo waliotumia miaka mingi hospitalini, wapo waliozika watoto, na wapo waliopoteza mimba ambazo hata ndugu zao hawakujua kwamba zilikuwapo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya sita hupatwa na tatizo la ugumba katika kipindi fulani cha maisha yake, kwa hiyo maumivu haya ni ya watu wengi kuliko tunavyodhani. Baada ya yote hayo, mwombaji anakutana na subira mpya, safari hii ya mafaili na mahakama, na kama ni mtu wa imani anajiuliza: ikiwa Mungu ndiye aliyetutia nia hii moyoni, mbona mambo hayaendi?

Jibu ambalo waumini wenzake humpa kwa kawaida ni Yeremia 29:11, aya inayosema kwamba Mungu anawawazia watu wake mawazo ya amani na tumaini. Ni aya njema, lakini mara nyingi hunukuliwa bila aya inayoitangulia. Maneno hayo yalikuwa katika barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na barua hiyo hiyo iliwaambia kwamba miaka 70 ingepita kwanza, na kwamba katika muda huo wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, na wautakie amani mji waliohamishiwa. Wengi wa watu wazima waliosomewa barua ile hawakutarajiwa kurudi kwao wakiwa hai. Kwa hiyo kumtumaini Mungu, kwa mujibu wa andiko hilo lenyewe, si kuwa na hakika ya tarehe wala ya namna ombi litakavyojibiwa. Ni kuendelea kuishi kwa uaminifu wakati jibu halijaonekana.

Jambo ambalo ningependa kila mwombaji alitafakari ni kwamba mpango wa Mungu, kama tunauamini, haumhusu yeye peke yake. Umo ndani yake mtoto, na yumo mama aliyemzaa. Hakuna mtoto anayefikia hatua ya kuasiliwa bila kwanza kupoteza kitu kikubwa, ama kwa kifo, ama kwa kutelekezwa, ama kwa wazazi kushindwa kabisa kumlea. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema kwamba Mungu alimnyima mama yule ili ampe yeye. Kauli hiyo huonekana kama shukrani, lakini mtoto atakapokua na kuielewa, ataambiwa kwamba msiba wake ulipangwa kwa faida ya wengine.

Tukilitazama jambo hili kwa upande wa mtoto, sehemu kubwa ya ucheleweshaji inaeleweka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 21, unataka maslahi ya mtoto yatangulie mengine yote katika kuasili. Mkataba wa Hague wa mwaka 1993, unaohusu kuasili kati ya nchi na nchi, unataka ridhaa ya mama, pale inapohitajika, itolewe baada tu ya mtoto kuzaliwa, na isiwe imenunuliwa kwa malipo. Afisa anayetembelea nyumba ya mwombaji na kuuliza habari za afya, kipato na ndoa yake hafanyi hivyo kwa kumshuku. Anamtafutia usalama mtoto ambaye hawezi kujisemea. Inawezekana pia kwamba faili limelala mezani kwa uzembe tu, na hapo imani haimkatazi mtu kufuatilia, kuuliza kwa maandishi na kutaka majibu.

Hatari kubwa zaidi ya subira ndefu ni njia ya mkato. Abramu alikuwa na miaka 75 alipoondoka Harani na miaka 100 Isaka alipozaliwa, na katikati ya kungoja huko Sarai akaona afadhali apate mtoto kupitia kwa mjakazi wake Hajiri. Walioumia zaidi kwa haraka hiyo walikuwa Hajiri na mwanawe, ambao mwishowe walifukuzwa na kutangatanga jangwani wakiwa na mkate na kiriba cha maji. Leo njia ya mkato ni dalali anayeahidi mtoto kwa malipo ya siri, au cheti cha kuzaliwa kilichoghushiwa, na hapo pia wanaoumia ni mama na mtoto. Mtu asiseme kwamba Mungu amemfungulia mlango ambao sheria imeufunga kwa ajili ya kumlinda mtoto.

Pigo gumu kuliko yote huja pale mtoto ambaye familia ilikwisha kumpenda anaporudishwa kwa ndugu zake wa damu. Nchi nyingi huweka kipindi cha mtoto kuishi na waombaji kabla ya mahakama kutoa amri, na katika kipindi hicho shangazi au babu aweza kujitokeza. Kwa mtoto, hiyo huenda ikawa habari njema kabisa. Kwa waombaji ni msiba usio na matanga, kwa sababu hakuna anayekuja kuwapa pole. Waruhusiwe kulia. Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na makosa yao yalianza walipofungua vinywa kueleza kwa nini Mungu amemtendea vile. Wachungaji na jamaa wakumbuke hilo kabla ya kutamka kwamba huenda imani ilikuwa haba au kuna dhambi iliyofichwa.

Wanandoa wenyewe nao wazungumze, maana mara nyingi mmoja huwa tayari kujaribu tena wakati mwenzake bado anaomboleza, na maombi ya pamoja hayawezi kuchukua nafasi ya mazungumzo hayo. Wakubaliane mapema pia jinsi watakavyomweleza mtoto asili yake, kwa lugha ya umri wake na bila kungoja awe mtu mzima. Na kwa kuwa si kila ombi huishia kwa amri ya mahakama, waulizane kama wangeweza kuwa walezi wa muda, kumpokea mtoto wakijua kwamba lengo ni arudi kwao. Wapo wanaoliweza hilo na wapo wasioliweza, na kusema ukweli huo kwa afisa wa ustawi wa jamii tangu mwanzo si upungufu wa imani.