Kabla ya kushusha bei ya chumba wakati wa masika

Mvua za masika zinapokaribia, kati ya Machi na Mei, bei za vyumba Zanzibar huanza kuporomoka. Nungwi, Paje, Jambiani hadi Mji Mkongwe, wageni hupungua. Baadhi ya hoteli hufunga kabisa Aprili na Mei, na zinazobaki wazi huanza kushindana kwa punguzo. Mwenye hoteli anatazama vyumba vitupu, anajua kwamba usiku uliopita bila mgeni hauuziki tena kesho, basi anashusha bei. Uamuzi huo unaeleweka, lakini mara nyingi unamtia hasara asiyoiona, kwa sababu hakujiuliza kwanza mgeni wake huyumbishwa na bei kwa kiasi gani.

Wanauchumi huita jambo hilo unyumbufu wa mahitaji, na aliyelipatia sura tunayoitumia mpaka leo ni Alfred Marshall, profesa wa Cambridge, mwaka 1890. Hesabu yake ni fupi. Chukua asilimia ya badiliko la wateja, uigawe kwa asilimia ya badiliko la bei. Jibu likizidi 1, wateja wanaifuata bei, na punguzo litaongeza mapato. Likiwa chini ya 1, wateja hawatikisiki sana; ukipunguza bei umejikata mapato mwenyewe.

Kanuni hiyo ni sahihi, ila inazungumzia mapato, na mapato hayalipi mishahara mpaka gharama zitolewe. Tuchukue hoteli ya vyumba 40 inayouza vyumba 20 kwa usiku, kila kimoja shilingi 100,000. Chumba kikilala mgeni kuna kufua mashuka na mataulo, sabuni, maji, umeme wa kiyoyozi na chai ya asubuhi, tuseme 25,000. Kila chumba kinabakiza 75,000, na usiku mzima unabakiza 1,500,000 za kulipia wafanyakazi, mkopo wa benki, leseni na mafuta ya jenereta.

Sasa bei inashushwa hadi 80,000, yaani asilimia 20, na wageni wanaongezeka hadi vyumba 26, yaani asilimia 30. Unyumbufu ni 1.5. Mapato yamepanda kutoka 2,000,000 hadi 2,080,000, na meneja anafurahi. Lakini kila chumba sasa kinabakiza 55,000 tu, na vyumba 26 vinatoa 1,430,000. Hoteli ina wageni wengi zaidi, wafanyakazi wamechoka zaidi, na kila usiku imepungukiwa shilingi 70,000. Kwa mwezi wa siku 30 ni 2,100,000. Ili punguzo hilo lilipe, lazima vyumba vifike 28.

Swali la pili ni gumu kuliko hesabu: je, hao wageni wa ziada wanatoka wapi? Hoteli moja ya Paje ikishusha bei peke yake, wageni watakuja kwa wingi, lakini wengi watakuwa wale ambao tayari walishaamua kuja Paje na wangelala kwa jirani. Mahitaji ya hoteli moja hunyumbuka sana kwa sababu mbadala uko hatua mia mbili pembeni. Mahitaji ya Paje nzima, au ya Zanzibar nzima, ni habari nyingine. Mtu aliyeko Ulaya anayepanga likizo ya Aprili hupima kwanza mvua, nauli ya ndege, likizo ya kazini na ratiba ya shule za watoto. Akiamua kutokuja, chumba cha 60,000 badala ya 80,000 hakimrudishi. Kwa hiyo jirani naye anashusha, wa tatu anashusha, na baada ya wiki chache kila mmoja ana idadi ileile ya wageni kwa bei ya chini. Matokeo yake huwaangukia wahudumu wa vyumba na wapishi, ambao ndio wa kwanza kuambiwa wapumzike bila malipo.

Mwaka 2020 ulituonyesha ukingo wa jambo hili. Aprili mwaka ule Tanzania ilisimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje, na hapakuwa na bei yoyote ya chumba, hata bure, ambayo ingemleta mtalii.

Miezi hiyohiyo ya masika, Dodoma hali huwa kinyume. Bunge la bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Juni, na mji hujaa wabunge, maofisa wa wizara, madereva, waandishi wa habari na watu wenye shida zao serikalini. Hao hawaji kwa sababu vyumba ni rahisi. Wameitwa na kazi, kwa hiyo mahitaji ya mji mzima hayanyumbuki sana na bei hupanda. Hata hivyo ofisa anayelipwa posho ya kujikimu hubaki na chenji. Akipata gesti safi ya bei nafuu, tofauti inaingia mfukoni mwake. Atakuja Dodoma hata iweje, ila atachagua kwa makini alale wapi, na bei ikivuka posho anahama mara moja. Mwenye lodji anayedhani mji kujaa kunamruhusu kupandisha bei bila kikomo huligundua hilo akiwa amechelewa.

Kuna jambo jingine ambalo wenye hoteli hulisahau. Mgeni hanunui chumba peke yake, ananunua safari. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida la treni ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa ilipanda kutoka shilingi za Kenya 1,000 hadi 1,500. Watu wazima wanne kwenda na kurudi walitoka 8,000 hadi 12,000. Hoteli ya Bamburi, ufukweni Mombasa, inaweza isiguse bei yake hata kidogo na bado ikawapoteza wageni hao. Zanzibar nako, tangu Oktoba 1, 2024, mgeni mtu mzima kutoka nje hulipia bima ya lazima ya dola 44. Kwa anayelala wiki nzima katika hoteli ya kifahari hiyo ni sehemu ndogo ya matumizi. Kwa kijana wa begi mgongoni anayetaka usiku tatu katika hosteli ya Jambiani, ni gharama inayoweza kumfanya apunguze siku.

Ndiyo maana nawasihi wenye hoteli wasitoe punguzo moja kwa watu wote. Bei ya wakazi, inayohitaji kitambulisho, inawafikia watu ambao kweli bei ndiyo iliwazuia, bila kumpunguzia mtalii ambaye angelipa bei kamili. Bei ya kulipa miezi mitatu kabla bila kurudishiwa fedha huwafaa wanaopanga mapema. Usiku wa nne kwa nusu bei humfaa ambaye tayari yuko hotelini, na gharama ya kumleta imekwishalipwa. Upande wa pili, wikiendi ya tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi Februari, Mji Mkongwe hauhitaji punguzo lolote. Anayeuza chumba kwa bei ya kawaida siku hizo anaacha fedha ambazo zingemsaidia kulipa mishahara ya Aprili.

Na haya yote hayapimiki bila daftari. Hoteli nyingi huandika waliolala tu. Mapokezi waandike pia waliopiga simu au kufika, wakaulizia bei na kuondoka: tarehe, wametoka wapi, wametajiwa bei gani, wamesema nini. Baada ya msimu mmoja utaona kama walishindwa na bei, au walikosa maji ya moto, au walitaka tu chumba cha familia ambacho huna. Kisha, kabla ya kutangaza punguzo, gawanya kile usiku mmoja unachobakiza sasa kwa kile chumba kitakachobakiza kwa bei mpya. Kwa hoteli ya mfano wetu jibu ni vyumba 28. Ikiwa daftari linaonyesha kwamba katika masika zilizopita vyumba 28 vimejaa siku za Idd na za harusi tu, siku ambazo wageni hawakuomba kupunguziwa, basi bei ya kawaida ibaki ilivyo, na nguvu za meneja ziende kutafuta semina za kujaza vyumba.