"Mad" ni hasira au wazimu? Dhana potofu na ukweli

Dhana: neno la Kiingereza "mad" kwa maana ya kukasirika ni lugha ya mitaani ya Marekani, tena ya juzijuzi.

Ukweli: maana hiyo ni kongwe kuliko Marekani yenyewe. Ilikuwepo Uingereza tangu Kiingereza cha Zama za Kati. Katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Matendo 26:11, Paulo anasema alikuwa "exceedingly mad" juu ya Wakristo aliowatesa. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union wameweka hapo hasira na wazimu kwa pamoja, na hawakukosea, kwa kuwa neno lenyewe lilibeba yote mawili. Baadaye Waingereza wengi walielemea upande wa wazimu, Wamarekani wakaendelea na hasira. Mwaka 1781 John Witherspoon, Mskoti aliyekuwa mkuu wa chuo cha Princeton, alikuwa tayari ameshalalamikia matumizi hayo. Malalamiko yake hayakufua dafu.

Dhana: kila penye "angry" unaweza kuweka "mad".

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza, hasa waliojifunza kwa filamu. Hata kwa Mmarekani, "mad" ya hasira kwa kawaida hukaa baada ya kitenzi: "she is mad", "he got mad". Ukiitanguliza mbele ya nomino, wazimu unarudi. "An angry customer" ni mteja aliyekasirika. "A mad customer" kwa masikio ya wengi ni mteja mwenye kasoro ya akili. Tena neno hili halizai familia ya hasira. "Madness" ni wazimu au upuuzi, kwa kawaida si ghadhabu. Ukitaka nomino, tumia "anger". "Madly" nayo si kwa hasira: "madly in love" ni kupenda hadi kupagawa. "Maddening" peke yake ndiyo inayokaribia, kwa maana ya jambo la kuudhi.

Kihusishi nacho huamua. "Mad at me" ni kunikasirikia. "Mad with grief" ni kurukwa na akili kwa huzuni. "Mad about" ina ncha mbili: "mad about football" ni kuupenda mpira kupita kiasi, lakini "mad about the decision" kwa Mmarekani ni kukasirishwa na uamuzi. Hapo huna njia ya mkato. Tazama kinachofuata, kisha uliza msemaji ametoka wapi.

Dhana: "get mad" na "go mad" ni kitu kimoja.

"Get mad" ni kupandwa na hasira, na hasira hushuka. "Go mad" ni kupata kichaa, ingawa Mwingereza huitumia pia kwa mzaha akieleza mtu aliyefoka. "Drive me mad" ni kunichosha akili kwa kero ya kurudiarudia, mathalani kelele za jirani. "Make me mad" ni kunikasirisha.

Dhana: "mad cow" ni ng'ombe mkali. Hapana. Ni ugonjwa wa ubongo, BSE, uliotambuliwa Uingereza mwaka 1986. "Mad dog" vilevile asili yake ni mbwa mwenye kichaa cha mbwa.

Dhana: "Are you mad?" ni swali la upole, sawa na "umekasirika?"

Kwa rafiki wa Chicago, huenda. Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, ambako shule zimerithi Kiingereza cha Uingereza, msikilizaji atasikia "una wazimu?", na hilo ni tusi. Mbele ya mkubwa wako kazini, au kwenye ujumbe wa simu ambako sauti haisikiki, andika "Are you upset?" au "Are you angry with me?"

Dhana: "mad" ni hasira kali kuliko "angry".

Kinyume chake, Marekani ni neno la nyumbani na la watoto. Mtoto aliyenyang'anywa peremende ni "mad". Ghadhabu ya kutetemeka ina maneno yake: "furious", "enraged", "livid". Na katika barua rasmi ya malalamiko usiandike "I am mad" hata kama unamwandikia Mmarekani. Itasomeka kama mazungumzo ya jikoni. "I am very dissatisfied" huonekana baridi, lakini ndiyo lugha ambayo ofisi za kupokea malalamiko zimeizoea.