Melanoma ikifika moyoni: kwa nini tunawavua soksi

Ndugu za wagonjwa wamekuwa wakitulalamikia hapa Moshi: "Tumemleta baba kwa ajili ya moyo, daktari anahangaika na miguu." Naomba nieleze. Melanoma ni kansa ya ngozi inayoanzia kwenye chembe za rangi.

Mzee mmoja wa huko mlimani aliletwa akihema, mishipa ya shingo imesimama, hawezi kulala chali. Gambuti la kushoto lilitoka kwa shida. Soksi ilikuwa imegandia kisiginoni, ikabidi tuiloweshe kwa maji ya chumvi. Chini yake palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kizibo cha soda, kingo zimepinda, katikati pamechimbika.

"Shikamoo mzee. Hiki kina muda gani?"

"Marahaba. Huo ni mwiba wa zamani tu, daktari."

Eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ilionyesha maji yameuzunguka moyo, na uvimbe ndani ya chumba cha juu cha kulia.

Kwa sisi weusi melanoma hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halihusiki. Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole cha mguu, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Hili la kwamba ni ugonjwa wa wazungu tumelisahihisha mara nyingi mno, na bado watu wanafika wamechelewa.

Ikishasambaa, moyo hausalimiki kirahisi. Uchunguzi wa maiti 70 za waliokuwa na melanoma, uliochapishwa Marekani mwaka 1968, ulikuta imefika moyoni kwa asilimia 64 yao. Wakati wa uhai hugundulika kwa wachache sana, kwa kuwa mara nyingi haina dalili, na zikitokea hufanana na za magonjwa mengine ya moyo: kuhema, mapigo kwenda mbio, kuvimba miguu, kuzimia. Kwenye eko uvimbe wenyewe unaweza kudhaniwa ni damu iliyoganda, mgonjwa akaanzishiwa dawa za kuyeyusha damu. MRI ya moyo, yaani picha ya mashine ya sumaku, husaidia kutofautisha, maana rangi ya melanoma yenyewe mara nyingi hung'aa kwenye picha.

Sasa kinyama, yaani kipande kinachokatwa kwenye doa kwenda kupimwa maabara. Kiwekwe kwenye fomalini (dawa ya kukihifadhi kisioze) ya asilimia 10, iliyo nyingi mara kumi ya kinyama chenyewe, si kwenye spiriti wala maji. Chupa iandikwe jina, namba ya faili, tarehe na sehemu kilipotolewa. Fomu iandikwe hivyo hivyo. Visipolingana, maabara itakirudisha. Majibu yakitoka, tunzeni namba ya maabara, kwa sababu kinyama hicho hicho kinaweza kupimwa badiliko la jeni ya BRAF, linaloamua kama vidonge fulani vitafaa.

Na jamani, kisu hakisambazi kansa. Kinachoipa nafasi ya kusambaa ni miezi ya kupaka majivu na majani badala ya kuja hospitali.

Maji yakiubana moyo, huvutwa kwa sindano upesi, na mgonjwa hupata pumzi. Uvimbe wenyewe hukatwa kwa wachache tu. Dawa za kuamsha kinga ya mwili, kama pembrolizumabu na nivolumabu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014, zimewaongezea baadhi ya wagonjwa miaka, ingawa melanoma ya nyayo huitikia kidogo zaidi. Ni ghali, na zenyewe zinaweza kuwasha moto kwenye misuli ya moyo, hivyo kifua kikiuma au pumzi ikibana baada ya dripu, rudini siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki.

Aliyewahi kukatwa doa, hata kama ni miaka 10 iliyopita, aseme kabla hajapanda kitanda cha eko. Mpimaji asipojua, ataandika damu iliyoganda.